Rangi inapodaiwa kuwa mali ya kampuni

Ninaamini kwamba kampuni inaweza kustahili ulinzi wa kisheria juu ya rangi ya bidhaa zake, lakini ninaamini pia kwamba sheria inapogawa rangi inapaswa kuwa na mkono wa birika. Majina mapya ya bidhaa yanaweza kubuniwa kila siku bila kikomo, ilhali rangi ambazo jicho la mnunuzi linaweza kuzitofautisha kwa haraka mbele ya rafu ni chache, na kila moja inayotengwa kwa ajili ya kampuni moja inawapunguzia nafasi wengine wote.

Nchini Marekani suala hili liliamuliwa mwaka 1995 na Mahakama ya Juu, katika kesi ya kampuni ya Qualitex iliyokuwa ikitengeneza vifuniko vya mashine za kupigia pasi zinazotumiwa na madobi, vyenye rangi ya kijani inayoelekea dhahabu. Mahakama ilikubali kwamba vifuniko hivyo vinahitaji rangi ya namna fulani ili madoa yasionekane sana, lakini haikuona sababu yoyote ya kiushindani iliyowalazimu wengine kutumia kijani hicho hasa, hivyo ikaruhusu rangi hiyo iwe alama ya biashara. Hata hivyo, rangi haiwi alama ya biashara siku inapochaguliwa. Ni lazima kwanza itumike hadi wanunuzi wenyewe waitambue kuwa inaelekeza kwa mtengenezaji mmoja. Kampuni ya vyakula ya General Mills ilishindwa hapo mwaka 2017 ilipotaka kusajili manjano ya boksi la nafaka zake za Cheerios, kwa kuwa nafaka nyingine nyingi za kifungua kinywa zilikuwa zikiuzwa katika maboksi ya manjano.

Kizuizi cha pili ndicho ninachokithamini zaidi: rangi yenye kazi, yaani inayoipa bidhaa yenyewe manufaa, haisajiliwi. Mwaka 1994 mahakama ya rufani ya Marekani ilikataa rangi nyeusi isajiliwe kwa ajili ya injini zinazofungwa nyuma ya boti. Nyeusi haiongezi nguvu ya injini hata kidogo. Lakini huoana na boti za rangi nyingi na hufanya injini ionekane ndogo, na wanunuzi walizitaka sifa hizo mbili. Kumpa mshindani mmoja nyeusi hiyo kungekuwa kumpa faida ya soko ambayo hakuibuni yeye.

Barani Ulaya mvutano mkubwa umekuwa juu ya namna ya kuiandika rangi katika daftari la usajili. Katika kesi ya Libertel ya mwaka 2003, iliyohusu rangi ya machungwa, Mahakama ya Haki ya Ulaya ilieleza kwamba kipande cha karatasi chenye rangi hiyo hakitoshi, kwa sababu karatasi hupauka kadiri miaka inavyopita. Kinachofaa ni utambulisho wa kudumu, kama vile namba ya rangi inayokubalika kimataifa. Cadbury walikuwa na namba hiyo, Pantone 2685C, yaani zambarau ya chokoleti zao, na ushahidi kwamba wanunuzi waliihusisha na kampuni hiyo ulikubaliwa. Walichoponzwa nacho ni maneno. Maombi yao yalisema kwamba rangi hiyo ingefunika uso wote unaoonekana wa kifungashio, au ingekuwa ndiyo rangi iliyotawala, na mwaka 2013 Mahakama ya Rufani ya Uingereza ikasema kwamba sehemu ya pili ya maelezo hayo inafungua mlango wa alama nyingi zisizojulikana. Wako watakaoona huo ni ukali wa kupita kiasi. Mimi naona ni haki, kwa kuwa mshindani anayesanifu kifungashio chake anastahili kujua mpaka uko wapi kabla hajachapisha, wala si baada ya kushtakiwa.

Kwa sababu hiyo naipenda hukumu ya mwaka 2012 kati ya Christian Louboutin, mtengenezaji wa viatu vyenye soli nyekundu, na kampuni ya mitindo ya Yves Saint Laurent, iliyotolewa na mahakama ya rufani mjini New York. Majaji waliacha soli nyekundu ibaki kuwa alama ya Louboutin, ila pale tu inapotofautiana na rangi ya sehemu ya juu ya kiatu; kiatu chekundu kuanzia juu hadi soli kilibaki huru, na Yves Saint Laurent hawakuzuiwa kukiuza.