Asetoni haikuyeyusha lile povu

Wiki tatu nzima niliamini hesabu zangu ndizo mbovu. Kumbe zilikuwa sahihi tangu siku ya kwanza.

Nilikuwa natengeneza modeli ya kubashiri ni kiyeyusho gani kitayeyusha polistairini, ile plastiki ya povu jeupe la kufungashia vitu. Nilifuata njia ya Charles Hansen ya mwaka 1967, ambayo kila kitu hupewa namba tatu zinazoonyesha molekuli zake zinavutana vipi. Unatafuta umbali kati ya plastiki na kiyeyusho. Tofauti ya namba ya kwanza, baada ya kuipiga mraba, izidishe kwa 4, wengi wanasahau. Kwenye jedwali langu mpaka wa polistairini ulikuwa 5.3; umbali ukiuzidi, haiyeyuki. Toluini ilitoa 3.4, limonini ya maganda ya machungwa 4.0, asetoni 9.4.

Kila niliyemwonyesha alinijibu: "Ndugu yangu, umekosea. Asetoni inakula povu la boksi la TV mbele ya macho yetu." Na kweli, nilipodidimiza kipande kikanywea papo hapo. Nikarudi kwenye Excel, nikaanza kuzilazimisha namba za asetoni zikubali. Hapo ndipo nilipopotea.

Kilichoniokoa ni kava la CD. Nalo ni polistairini, ila halina hewa ndani. Nikaweka kipande kwenye asetoni na kingine kwenye toluini (usiifungue chumbani, mvuke wake ni mbaya). Kesho yake cha toluini hakikuwepo. Cha asetoni kilikuwa palepale, kimevimba, ukikivuta kwa kijiti kinarefuka kama bigijii. Nikadondosha tone la kila kimiminika juu ya kioo, nikasubiri likauke. La toluini liliacha ngozi angavu niliyoibandua kwa wembe. La asetoni, ukungu tu. Povu lile ni hewa karibu tupu: asetoni ililainisha kuta zake, hewa ikatoka, rojo likazama.

Kwa upande wa kasi ya kuyeyuka nilishauriwa nipime uzito. Ushauri mbaya! Uzito hupanda kwanza, maana kiyeyusho huingia kabla minyororo ya molekuli za plastiki haijatoka. Nilipiga picha kwa simu ubavuni, nikapima ukingo wa sehemu ambayo bado ngumu. Ulirudi nyuma karibu sawasawa kila dakika tano. Grafu hiyo iliyonyooka nikampelekea msimamizi wangu, pamoja na ile ngozi ya toluini ndani ya bahasha.