Kwa nini nilichagua sayansi za jamii, na jinsi nilivyozifanya zinifae

Kijana wa Uganda anayetaka kusoma sayansi za jamii huulizwa swali moja hata kabla hajajaza fomu: "Utafanya kazi gani?" Kwetu Busia, mji ulio mpakani na Kenya, aliyeniuliza kwa uchungu kuliko wote ni mjomba wangu, mwalimu wa historia katika sekondari. Hofu yake ilikuwa na msingi. Rais Museveni ameshasema hadharani mara nyingi kwamba nchi inahitaji wanasayansi kuliko wasomi wa sanaa. Mikopo ya serikali kwa wanafunzi, iliyoanza kutolewa 2014, imeelekezwa zaidi kwenye kozi za sayansi. Nilipokuwa chuoni tayari, mwaka 2022, mshahara wa mwalimu wa sayansi mwenye shahada ulipandishwa hadi shilingi 4,000,000 kwa mwezi. Walimu wa masomo ya sanaa wakaachwa pale pale walipokuwa, wakagoma. Mjomba alikuwa mmoja wao. Lakini hata kabla ya hapo alikuwa ameshanisihi: "Mwanangu, hii njia naijua. Usiifuate."

Kilichonivuta mimi ni mahindi.

Shangazi yangu hununua mahindi Bugiri na Iganga, akayauza upande wa Kenya. Machi 2021, nikiwa nakaribia mitihani ya Kidato cha Sita, Kenya ilipiga marufuku mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumukuvu, ile sumu inayoletwa na ukungu kwenye nafaka isiyokauka vizuri. Siku chache baadaye mlango ulifunguliwa tena kwa masharti: mwagizaji awe amesajiliwa, mzigo uwe na cheti cha asili, na pia cheti cha kuthibitisha kwamba sumu haizidi sehemu 10 kwa kila bilioni. Mwenye malori angeweza kuvitafuta vyeti hivyo. Shangazi, mwenye magunia yake machache, hakuwa na pa kuanzia. Akayauza upande huu huu kwa bei ya hasara.

Jambo hilo halikunitoka kichwani. Ukimuuliza bwana shamba, atakwambia mahindi yalianikwa chini kwenye udongo na mvua ikayakuta. Ni kweli. Lakini mkulima anauza mahindi yenye unyevu kwa sababu ada ya shule inadaiwa wiki hiyo hiyo, na hapo umeingia kwenye uchumi wa kaya. Jumuiya ya Afrika Mashariki ina umoja wa forodha tangu 2005 na soko la pamoja tangu 2010, na bado nchi moja ilifunga mlango kwa barua. Hiyo ni siasa. Upo utaratibu mwepesi kwa wafanyabiashara wadogo, mzigo usiozidi dola 2,000 ukapita kwa karatasi rahisi, na kituo cha pamoja cha forodha kilizinduliwa Busia 2018. Hata hivyo wanawake wengi ninaowajua wanapita njia za panya. Wanaogopa kusumbuliwa, hawana habari, au wana mtoto mgongoni na foleni ni ndefu. Sheria ya forodha peke yake haitakueleza hayo. Na mpaka wenyewe? Mwaka 1902 Waingereza walilikata Jimbo la Mashariki la Uganda wakaliunganisha na himaya iliyokuja kuwa Kenya. Ndugu zetu Wasamia wakajikuta wako nchi mbili, na biashara ya kina shangazi inaufuata udugu huo mpaka leo.

Somo gani moja lingenipa majibu yote hayo? Sikuliona. Ndiyo maana nilitaka sayansi za jamii, kozi inayoyachanganya masomo hayo.

Baba nilimwendea na hoja hiyo, wala sikumtajia ndoto. Nilimweleza kisa cha shangazi kama nilivyokieleza hapa, shangazi mwenyewe akiwa ameketi, akinisahihisha bei. Nikamwambia pia kwamba huu si mtindo mpya wa vijana. Makerere ina taasisi ya utafiti wa jamii iliyoanzishwa 1948 kwa ajili ya Afrika Mashariki nzima, na kuanzia 2012, chini ya mkurugenzi wake wa wakati huo, msomi Mahmood Mamdani, taasisi hiyo ilianza programu ya uzamivu inayochanganya historia, siasa, uchumi wa kisiasa na utamaduni kwa makusudi. Baba hakusema ndiyo siku hiyo. Shangazi ndiye aliyesema, na ndiye aliyeahidi sehemu ya ada.

Chuoni niligundua kwamba wenzangu walifika hapo kwa njia tofauti kabisa. Wapo waliotaka sheria na mlango ukawa mwembamba. Wengine walikuwa wamechoka kulazimishwa kuchagua mapema, maana kwetu ukishaingia Kidato cha Tano na historia, uchumi na jiografia, milango mingi imeshafungwa nyuma yako. Rafiki yangu mmoja alitoka wilaya inayopokea wakimbizi. Alitaka kufanya kazi nao na alijua kwamba nchi yenye wakimbizi zaidi ya milioni moja na nusu inahitaji mtu anayeelewa ardhi, sheria, lugha na vidonda vya moyo kwa pamoja. Sikubaliani na wanaosema kozi hii ni kimbilio la asiyejua anachotaka. Na hata asiyejua, akiwa na miaka 19, ana haki ya kutafuta.

Ugumu wake upo, na ni mkubwa. Kila mhadhiri anaingia na msamiati wake, na hakuna anayekuunganishia. Asubuhi unaambiwa mtu huchagua kwa kupima faida, mchana unaambiwa huchagua kwa sababu ya nafasi yake katika jamii. Mimi nilitenga daftari moja la mahindi tu. Kila nadharia niliyofundishwa niliipeleka kwa shangazi kwanza: je, inamweleza? Nyingine zilimweleza nusu, nyingine zilimpita mbali, na hapo ndipo nilipojua mipaka ya kila somo.

La pili nililolishikilia ni takwimu. Wenzangu wengi walizikimbia, mimi nikazing'ang'ania, pamoja na kutengeneza dodoso kwenye simu na kusafisha data. Utafiti wangu wa mwisho uliwahusu wanawake wauza nafaka pale mpakani. Leo nafanya kazi na timu inayofuatilia bei za vyakula mipakani. Walinichukua kwa sababu naweza kuyasoma majedwali, na pia naweza kuketi sokoni nikamhoji mama kwa Kiswahili au Kisamia mpaka aniambie bei ya kweli.

Mwaka huu binti wa mjomba anajaza fomu, na mjomba mwenyewe amenipigia kuomba ushauri. Nimemtumia orodha ya masomo ya kila mwaka kutoka vyuo viwili, si majina ya shahada tu, nikamwomba binti atazame mambo mawili: kama kuna mafunzo ya takwimu yasiyopungua mwaka mmoja, na kama mwanafunzi anapelekwa nyanjani kabla ya kuandika ripoti yake. Chuo kimoja hakina la pili. Kile kingine wanakwenda kukitembelea Jumatatu.