Na mgeni atasimama wapi?

Bado naskia lile swali la mama mkwe, hata leo nikiosha vyombo limerudi tena neno kwa neno. Wiki imejaa mambo, ruracio (mahari) ya dada mdogo imepita salama na kazini wamenihamisha kwa ile timu niliyokuwa naiombea, na mimi nimekaa hapa nawaza veranda.

Mnajua ploti ya Kitengela imefika wakati wa kuchora, na mnajua baba watoto anataka paa la kujificha nyuma ya ukuta na vioo vikubwa mbele. Mimi nataka veranda. Basi Jumamosi nikampeleka Mama mtaa wa Karen, kwa ile nyumba ya makumbusho ya Karen Blixen, yule mwandishi wa Denmark, nikijua akiiona kwa macho yake atakuwa upande wangu.

Hiyo nyumba naipenda kweli. Ilijengwa 1912 na mhandisi Mswidi, Åke Sjögren, ni ya mawe na paa la vigae, haina ghorofa, vyumba vimetandazwa chini vyote, na paa linashuka mpaka linafunika veranda. Hiyo ndiyo akili yake, ukuta ukikaa kivulini nyumba haipati joto mchana, na mvua ikija na upepo inapiga veranda kwanza, madirisha yanabaki makavu. Na ukigeuka unaona vilima vya Ngong. Siku hizi tunajenga ukuta mtupu unaotazama jua halafu tunanunua feni.

Nikamwambia, "Mama, hivi ndivyo nataka mbele ya nyumba yetu."

Akaangalia. Akaangalia tena chini, pale kwa ngazi. Akaniuliza, "Na mgeni atasimama wapi?"

Nikasema si atapanda akae na sisi. Akasema, "Haya."

Ile "haya" iliniuma, wacha tu. Nikaanza kuongea mfululizo, nikampa historia yote ya wenye nyumba, kwamba Karen Blixen na mumewe waliinunua 1917 pamoja na shamba, kahawa ikakataa kwa sababu pale ni juu sana na baridi ni nyingi, 1931 ikauzwa, mnunuzi akakata shamba vipande vya ekari 20 na huo ndio mwanzo wa mtaa wa Karen, halafu 1935 akaichukua afisa wa jeshi la Uingereza akakaa mpaka akafa 1954, ikaenda kwa mabinti zake, ikapita mikono mingine, 1964 serikali ya Denmark ikainunua ikaipa Kenya kama zawadi ya uhuru, ikawa chuo cha lishe, na 1986 ndio ikafunguliwa kama makumbusho. Mama alisikiza yote mpaka mwisho. Akasema, "Hao wote walikuwa wanapanda ngazi." Tukaenda kwa gari.

Nilirudi nyumbani nimekasirika, nikaona ameniambia nataka nyumba ya mzungu. Nikawa natafuta majibu usiku, kwamba hata Lamu watu wana baraza mbele ya nyumba kabla mzungu hajafikiria kupanda kahawa hapa, kwamba kivuli hakina kabila.

Sasa jana baba watoto ndio ananiambia kitu ambacho miaka yote hajawahi kunitajia. Babake Mama alikuwa skwota, yaani kibarua anayeishi na familia yake kwa shamba la setla, mzungu mlowezi, huko juu Molo. Sheria ya 1918 ilitaka skwota afanyie mwenye shamba kazi siku 180 kwa mwaka ndio aruhusiwe kulima kake na kulisha mbuzi, na ile ya 1937 ikakaza zaidi. Mwisho wa mwezi mzee alikuwa anasimama chini ya ngazi na kofia mkononi, setla amekaa juu kwa veranda na kitabu cha majina, na Mama akiwa mtoto ameshika koti la babake. Hawakuwahi kupanda. Hata mvua ikinyesha.

Nikanyamaza. Hasira yote ikaisha, nikabaki na huzuni na pia mapenzi kwake ambayo sikuwa nayo hivyo.

Veranda nataka bado. Shida ni udongo wetu mweusi, ule unaovimba ukinywa maji, lazima nyumba inyanyuliwe, kwa hivyo ngazi hazikwepeki. Nimechora ngazi zienee upana wote wa mbele, pana za kukalia, ili pasiwe na mahali pamoja pa kusimama ukingoja kuitwa. Fundi anasema hiyo ni simiti nyingi na mawe mengi. Nimemwambia apige hesabu, tutapunguza kwingine. Mama sijamwonyesha, natafuta siku tukiwa wawili tu.

Kingine, mwalimu ameandika kwa diary ya katoto ketu ka mwisho kwamba kanatoka kwa dawati kusogelea ubao ndio kasome. Nimekaambia kasome kalenda kutoka mlangoni, kakaniuliza kalenda gani. Kesho asubuhi kliniki ya macho, nikipata ruhusa kwa hiyo timu mpya.