Baba ameanza mionzi ya kichwa

Saratani ya baba ilianzia tumboni, na kipindi chote cha kemo, yaani dawa za kuua saratani, tulikuwa tunaangalia tumbo: amekula nini, ametapika, amepungua kilo? Kisha akaanza kuumwa kichwa kila alfajiri na kuburuta mguu wa kushoto. Daktari akaagiza MRI, kipimo cha picha za ndani ya kichwa. Vivimbe kadhaa ubongoni. Saratani ya tumbo hupenda zaidi kwenda kwenye ini na utando wa tumbo; kufika kichwani ni nadra sana.

Kwanza alipewa deksamethasoni. Hii dawa ilitushangaza wote. Baada ya siku chache kichwa kilitulia, akaita wajukuu kwa majina, akaomba ugali. Simu zikaanza kumiminika: "Mungu mkubwa, mzee amepona!" Ikabidi nieleze kila mmoja kwamba vidonge vinapunguza maji yaliyojaa kuzunguka vivimbe, saratani yenyewe haviigusi. Tena vina gharama yake: sukari inapanda, usingizi unakata, na tumbo ambalo tayari ni bovu linahitaji omeprazoli ya kulilinda.

Baba mdogo anataka tuchange apelekwe India akapasuliwe. Namheshimu, na najua ni upendo unaomsukuma. Lakini upasuaji unafaa zaidi kivimbe kikiwa kimoja, mahali panapofikika, na mgonjwa ana nguvu. Baba hana hata moja kati ya hayo. Uvimbe wake ulipopimwa ulionekana una HER2, protini inayoisukuma saratani ikue, kwa hiyo anapata trastuzumabu, dawa inayoilenga protini hiyo, pamoja na kemo, ila dawa hiyo ni molekuli kubwa na kuta za mishipa ya ubongo haziipitishi kirahisi.

Ndiyo maana tuko Ocean Road, hospitali ya saratani Dar es Salaam, kwa mionzi ya ubongo mzima, mara 10, Jumatatu hadi Ijumaa. Anavalishwa kinyago cha plastiki kilichofinyangwa kwa uso wake ili asitikisike. Nywele zitadondoka, uchovu utazidi, na huenda akawa msahaulifu. Daktari alimwambia mwenyewe, bila kuzunguka, kwamba hii si ya kumponya. Ni ya kumwachia akili yake, maneno yake, na miguu ya kumfikisha msalani bila kushikwa. Kwangu hilo ni kubwa, na nitalitetea mbele ya ukoo mzima.

Jumamosi baba wadogo na mashangazi wanakuja. Baba anataka kugawa shamba kwa kauli yake mwenyewe. Nimewaomba wafike asubuhi, wakati kichwa chake kiko vizuri.