Oili ya difu kuingia kwenye tufe la ekseli ya mbele, Land Cruiser 80

Grisi ya tufe, lile kasha la mviringo nyuma ya gurudumu, ilikuwa imelegea kama uji na kunuka oili ya difu (gia za katikati ya ekseli). Hiyo ni sili ya ndani ya ekseli, ule mpira wa kuzuia oili, inavuja. Ukinunua Grogan, kule kwenye maduka ya vipuri Nairobi, usirudi na sili ya nje peke yake. Kwanza nilizibua kipumulio cha ekseli: kikizibwa na matope, hewa ikipata joto husukuma oili kupita sili.

Zile kone sita (washa zenye umbo la koni) za flenji ya habu, yaani kitovu cha gurudumu, hazichokonolewi kwa bisibisi. Legeza nati bila kuzitoa, gonga flenji kwa nyundo ya shaba, zitaruka zenyewe.

Nikaosha kila kitu kwa mafuta ya taa, nikajaza tufe grisi ya molibdeni robo tatu. Paka mdomo wa sili grisi, kisha ingiza ekseli ikiwa imenyooka. Ekseli ikiulalia mdomo huo tu, umeuchana. Oili ya difu: 85W-90, GL-5.