Kigali kwa basi, na ile elfu ishirini yangu

Basi lilitakiwa kutoka Mbezi Luis saa kumi na moja alfajiri, tukaja kuondoka kwenye saa kumi na mbili kasoro kwa sababu kuna mama alikuwa na maroba saba ya vitenge na vyombo vya Kariakoo na makuli wanavutana naye bei ya kupakia. Mimi naenda Kigali kwenye harusi ya binamu yangu, mara yangu ya kwanza kuvuka mpaka wa Rusumo, hata usingizi sikuwa nao. Yule mama akaja kukaa siti ya pembeni yangu anahema, Kiswahili chake kina lafudhi ya Kinyarwanda, akaniambia, "Mwanangu, nimelipa mzigo mara mbili. Mara ya kwanza na risiti, mara ya pili bila."

Nikacheka. Sikujua kwamba maneno hayo ndiyo tutakayoyatafuna njia nzima, na kuanzia Dar mpaka Rusumo ni zaidi ya kilomita elfu moja na mia tatu, sio mchezo.

Mahali fulani baada ya Chalinze, siisemi wapi, tukasimamishwa na trafiki. Nilikuwa siti ya mbele mbele nikaona kila kitu. Konda alitoa noti ya elfu tano, akaikunja mara mbili, akaikunja tena mpaka ikawa kama stempu, akaibana na kidole gumba chini ya daftari la abiria, akashuka anatabasamu. Wakaongea kidogo, wakacheka hata. Alivyorudi daftari lipo mkononi na kidole gumba kipo palepale lakini chini yake hamna kitu. Dereva akaingiza gia bila kuuliza.

Siti ya nyuma yetu kulikuwa na jamaa wa Kenya, fundi wa pampu za maji za sola, akaangusha kicheko. "Kumbe hata nyinyi? Mimi nilikuwa nadhani karao wa kula pesa ni wetu pekee." Konda akamgeukia, wala hakukasirika, akamwambia kaka hiyo sio rushwa, hiyo ni ya maji, jua kali hili. Halafu akampigia hesabu: faini ya kosa moja ni elfu thelathini, inakuja na kontro namba, tajiri hailipi, inakatwa kwangu. Elfu tano naimudu. Ungekuwa wewe ungefanyaje?

Hapo ndipo mjadala ulipolipuka, maana kila mtu kwao rushwa ina jina lake. Mkenya akasema kwao ni chai, au kitu kidogo. Mama wa Kigali akasema na Kinyarwanda wanalo, akantu, maana yake kitu kidogo hichohicho, na rushwa yenyewe wanaiita ruswa, Kiswahili kimevuka mpaka bila pasi. Kulikuwa na mzee wa Bukavu pia, anaunganisha Kigali kwenda kwao, akawa kimya muda mrefu halafu akasema taratibu, "Kwetu batu banasema madesu ya bana. Ni Lingala hiyo. Maharage ya batoto." Basi upande wetu wote ukacheka, mpaka konda. Ukishaambiwa ni maharage ya watoto unakataaje sasa? Mtu anakutazama kama unamnyima mtoto wake chakula.

Na sisi tusijisahau, hii nchi iliwahi kuipa rushwa hata sheria. Mwaka 2000 sheria ya uchaguzi ilirekebishwa ikaruhusu takrima, mgombea akipikia watu pilau anahesabiwa mkarimu, mpaka Mahakama Kuu ilipokuja kuvifuta vile vifungu mwaka 2006. Miaka sita rushwa ilikuwa inavaa kanzu. Na methali ya penye udhia penyeza rupia hatukuletewa na wazungu, ni ya kwetu tangu enzi za rupia.

Tulipopita Dodoma, joto limepanda, Mkenya akatoa simu akatusomea alama za lile shirika la Berlin la Transparency International, za mwaka 2024. Mia ni msafi kabisa, sifuri ni kuoza. Denmark 90, ya kwanza duniani. Rwanda 57, Tanzania 41, Kenya 32, Uganda 26, Kongo 20, Burundi 17, Sudan Kusini ya mwisho na 8. Konda alivyosikia 41 juu ya 32 akapiga kofi kwenye kiti kama Taifa Stars wamefunga bao. Yeye! Aliyetoka kutoa elfu tano asubuhi hiyohiyo, anashangilia kwamba tumemzidi Mkenya kwa usafi.

Mzee wa Bukavu akauliza swali ambalo hakuna aliyekuwa amelifikiria. "Hizo alama, baliuliza nani? Mie habakuniuliza." Mkenya akashuka chini kidogo kwenye simu, akakuta kweli, zile alama zinatokana na maoni ya wataalamu na wafanyabiashara, sio ya mama muuza vitenge wala konda. Wananchi wa kawaida wanaulizwa kwenye utafiti mwingine, ule uliotolewa mwaka 2019, ambao Afrobarometer, wale wanaopima maoni ya Waafrika, waliufanya nchi 35 za Afrika kwa watu zaidi ya 47,000, na huko ikaonekana kati ya wanaokwenda kutafuta huduma za umma, zaidi ya mmoja kwa kila wanne alitoa kitu katika miezi kumi na miwili kabla ya kuulizwa. Maskini ndio wanaotozwa zaidi, mara mbili ya matajiri. Na ukiwauliza watu nani anaongoza, polisi ndio wanatajwa kwanza. Konda akasema sasa hapo ndio mmeongea.

Mama wa Kigali akakataa kuchukua sifa za 57. Akasema msituone malaika, kwetu watu wanaogopa tu. Kesi ya rushwa haiozi, sheria yao ya 2018 inasema haina ukomo wa muda, unaweza ukaja kukamatwa mjukuu wako anaoa. "Lakini anayetaka kula anakula," akasema, "anakula amefunga mdomo."

Mimi nilikuwa nachangia kwa sauti kubwa kweli. Nikawaambia habari za Tume ya Jaji Warioba ya mwaka 1996, jinsi ilivyotenganisha rushwa ndogo ya mtu mwenye mshahara usiofika mwisho wa mwezi na rushwa kubwa ya tamaa. Nikawaambia marehemu baba yangu alikuwa anazijua zile ahadi za TANU kwa kichwa, rushwa ni adui wa haki, sitapokea wala kutoa. Nimeongea mpaka Manyoni. Kitu ambacho sikukisema ni kwamba pasi niliyokuwa nayo mfukoni ilitokana na cheti cha kuzaliwa ambacho nilikihangaikia kwenye ofisi moja hapa mjini wiki tatu, njoo kesho, njoo Jumatatu, mtandao upo chini, mpaka kijana wa mlangoni aliponiambia "bro, jiongeze". Nikajiongeza. Elfu ishirini, bahasha ya kaki, kesho yake saa nne nikapigiwa simu cheti kipo tayari. Nyumbani niliwaambia nimempa asante.

Asante kabla ya huduma, hiyo.

Singida, Nzega, Kahama nilipita nimelala. Nyakanazi nikaamshwa na baridi. Rusumo tulifika tumevimba miguu, tukavuka daraja la mto Kagera kwa chini maji yanaunguruma, mambo ya pande zote mbili yanamalizwa jengo moja upande unaoingia. Yule afisa wa mizigo alichotaka kwenye begi langu ni mifuko ya plastiki tu, akanichomolea mfuko niliofungia viatu, akaniachia viatu mkononi. Nikasubiri aseme neno. Hakusema. Nikarudisha saa nyuma lisaa limoja, basi likahamia kulia mwa barabara.

Aibu yenyewe ilinikuta Kigali siku ya pili. Binamu anaendesha, tunaenda kuchukua suti, ananionyesha kamera za barabarani wanaziita Sofia, kama dada fulani anayekuchungulia. Mara polisi akatusimamisha. Akapiga saluti, kwa adabu kabisa, kumbe kosa ni langu, sikufunga mkanda. Sasa sikilizeni, sikufikiria chochote, naapa, mkono ulikwenda wenyewe mfukoni ukarudi na noti ya faranga elfu tano, na ulikuwa umeshaanza kuikunja. Mara mbili. Kama stempu. Binamu alinishika kifundo cha mkono akakikandamiza kwenye paja langu kwa nguvu huku anamchekea polisi, na kwa Kiswahili cha chini chini akasema, "Unataka nioe nikiwa ndani?" Polisi akaandika, akapiga saluti tena, ujumbe wa faini ukaingia kwenye simu, binamu akalipia hapohapo kwa simu. Tulienda kimya mpaka kwa fundi suti. Usiku shangazi alisimuliwa, na shangazi akikusimulia habari yako harusini mbele za watu, utajua hujui.

Kurudi ilikuwa ndefu vilevile. Nilishuka Mbezi Luis saa tatu usiku nimechoka kama gunia, nikapanda bajaji kwenda Goba. Hatujafika mbali, tochi. Afande akaomba leseni, akazunguka bajaji mara mbili, akagusa taa ya nyuma ambayo ilikuwa haiwaki. Dereva akanigeukia, "Bosi wangu, una buku mbili hapo? Nitakukata kwenye nauli."

Nikamwambia sina. Akaniangalia kama mtu aliyeshuka na begi kubwa hivyo hawezi kukosa buku mbili. Nikafungua pochi kumwonyesha, humo kweli faranga tupu, hela ya Kitanzania nilikuwa nikaitoe kwa wakala nikifika. Akachomoa mwenyewe noti ya faranga elfu moja akampelekea afande. Afande akaielekeza kwenye tochi, akaigeuza, akaigeuza tena.

"Hii ya wapi?"

"Ya Rwanda, afande. Abiria wangu katoka huko."

Afande akairudisha haraka kama kashika kaa la moto. "Ondokeni bwana, mtaniletea balaa. Kesho hiyo taa iwake."

Dereva aliendesha mpaka Goba anacheka peke yake. Tulipofika akanirudishia ile noti, akapokea nauli yake kwa wakala wa pale kona, halafu akaniuliza kama ninazo zingine za vile nimuuzie moja akae nayo.