Siku yangu na nusu kilo ya kamba

Saa 11:30 alfajiri niko kwenye foleni ya pantoni Kigamboni, mkononi nimeshika ndoo ndogo yenye mfuniko. Ndani mna chupa mbili za maji niliyogandisha usiku. Wanaovuka nami kila siku wakiiona ndoo hiyo wanajua leo kwetu kuna kamba.

Pantoni likitushusha Kivukoni, soko la samaki la Feri lipo hapo hapo. Ningeweza kununua jioni nikirudi, ila jioni unakuta waliobaki. Mali nzuri ni ya asubuhi. "Shangazi, kamba wa leo hawa!" Simjibu kwanza, ninakagua. Kichwa kiwe kimekaza mwilini, ganda ling'ae, harufu iwe ya maji ya bahari tu. Mwenye kichwa kilichoanza kuwa cheusi ninamwacha hata bei ikishuka. Nachukua nusu kilo, nawalaza juu ya zile chupa. Bei yao si ya kila siku, na ndiyo maana ninawapika na soseji. Soseji nne za ng'ombe zikikatwakatwa humo, watu watano tunakula bila mtu kuhesabu vipande vya mwenzake.

Saa 1:30 niko Kariakoo kwenye cherehani yangu. Jirani anayeuza juisi ananiwekea ndoo kwenye friza lake, Mungu ambariki, maana kwa joto la Dar kamba huharibika upesi kuliko samaki. Kutwa nzima nashona sare za shule. Saa 7 nakula chapati na maharage, na kabla sijarudi kazini nakwenda kuchungulia ndoo.

Saa 10:30 nafunga. Foleni, pantoni, bajaji, na saa 12 kasoro niko mlangoni. "Shikamoo mama." Mama mkwe anaitikia, "Marahaba mwanangu, umewapata?" Nimewapata.

Mwanangu wa darasa la tatu anakaa juu ya mbuzi, anakuna nazi. Mimi natoa vichwa na maganda, napasua mgongo wa kila kamba na kuvuta ule uzi mweusi, kisha nawakamulia ndimu na chumvi kidogo. Vichwa na maganda situpi. Navichemsha kwa dakika 15 na kuchuja, na supu hiyo ndiyo maji ya wali.

Kisha sufuria moja tu. Zinaanza soseji, mpaka kingo ziive rangi ya kahawia na kuacha mafuta yake. Humo humo kitunguu maji, kitunguu saumu, hoho, binzari kidogo, nyanya mbili. Nyanya zikishalainika kabisa natia vikombe 2 vya mchele wa Kyela niliouosha, nageuza, namimina vikombe 2 na nusu vya supu na kimoja cha tui zito. Louisiana, huko Marekani, wana wali wa namna hii unaoitwa jambalaya, wenye soseji ya kukaushwa kwa moshi. Wao hawatii tui. Mimi siwezi kuliacha.

Maji yakikaribia kukauka napunguza moto, nawapanga kamba juu ya wali, nafunika. Dakika tano au sita, basi. Wakishakuwa rangi ya waridi na kujikunja, wameiva. Ukiwatia mwanzoni pamoja na mchele utatafuna mpira, na pesa yako ya Feri imepotea.

Zamani nilikuwa napika wali kivyake, mchuzi kivyake, mboga kivyake. Nikimaliza ni saa 3, mama mkwe keshalala na chakula chake kimefunikwa na kawa. Hilo lilikuwa linaniuma sana. Ana miaka mingi, na chakula anachokipenda ni kile anachokula akiwa na watu.

Leo saa 1:15 usiku tumekaa mkekani wote watano, sinia katikati. Mama anawachagua kamba taratibu, anamsogezea mjukuu wake wawili. Halafu anauliza kilichobaki kwenye sufuria.

"Ukoko wangu huo, bibi!" mtoto analalamika.

"Tutagawana," anasema, na upawa keshaushika.